Mota ya Kisima

Ndugu zangu waumini, nitegeeni masikio, kwani jambo hili linatisha kwa udogo wake.

Mama mmoja aliangukiwa na nyumba ya udongo. Alitoka salama, lakini hakubakiwa na pa kulaza ubavu. Mwanawe akaapa kumjengea chumba kabla ya masika. Matofali ya kununua hakuyaweza, alichokuwa nacho ni magunia ya karatasi kuukuu na saruji kidogo. Naye alijua kwamba karatasi zikilowekwa, zikasagwa, kisha zikakorogwa na saruji na mchanga, hutoka tofali jepesi lenye kusimamisha ukuta. Alikosa mashine tu.

Akaiunda mwenyewe! Akatwaa pipa la mafuta, akachomelea ndani yake visu vya kukatia majani ya ng'ombe. Na nguvu ya kuvizungusha je? Akaenda kisimani kwake, akafungua mota ya pampu. Kisima hicho ni kirefu, mdomo wake mwembamba, ndoo haipiti. Nacho ndicho kilichonywesha kitongoji kizima.

"Baba watoto," mkewe akasema, "mota ukiing'oa, maji tutayavutaje?"

"Na wewe nawe! Tangi si limejaa? Nikimaliza nairudisha."

Mashine ikanguruma, majirani wakajaa uani.

"Bwana fundi, lifunge kamba hilo pipa, litapaa!"

"Cheka tu. Kesho utakuja kuiazima mashine hii."

Kuloweka karatasi kukalimaliza tangi, wala hakuangalia. Akamimina saruji yote. Uji ukawa mzito, visu vikaanza kulemewa.

"Maji! Leteni maji upesi!"

Mkewe akafungua bomba, likakoroma, likanyamaza. Papo hapo mota ikafuka moshi, ikazima. Saruji ikaanza kushika visu ndani ya pipa.

Ndipo mama, aliyeketi juani akingoja chumba chake, akasema kwa sauti iliyokauka:

"Mwanangu, hata funda moja la kunywa?"

Hakuna. Kitongoji kizima, hakuna!

Mbona mmeinamisha vichwa? Mmeshtuka? Nami nilishtuka, kwa sababu mtu yule hakuwa mwovu. Alimpenda mama yake. Alichong'oa, aliking'oa kwa ajili yake.

Na sisi je? Ni nani hapa asiyeung'oa upole nyumbani kwake akaja kuufunga kwenye kamati yetu ya ujenzi, ili kazi ya Mungu iende mbio? Tunacheka na wageni mpaka usiku, tukirudi hatuna neno kwa wake zetu. Tunahangaika mwaka mzima kuwatafutia wazazi makubwa, nao wanatamani tuketi nao kitambo tu. Na anayetuonya, tunamwambia, "Na wewe nawe!"

Ndugu zangu, tukitoka hapa, tusianze kuulizana ujenzi umefika wapi. Twende kwa mama zetu, tuchuchumae mbele yao, tuwaulize: "Mama, leo umekunywa maji?"