Sikukuu Iliyokula Darasa

Paukwa!

"Pakawa!"

Hao ni watoto tu. Nyie wazazi mmemeza ndimi? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nasikia. Hapo zamani za kale, kabla kuku hajahamia kwa watu, palikuwa na shule ya wanyama. Mwalimu wao alikuwa Kanga, yule ndege wa madoadoa, mkali kidogo, mpenda sherehe kupita kiasi. Dawati la mbele walikaa marafiki wawili, Kwale na Mchwa. Mchwa alikuwa mdogo, mdogo, mdogo! Kwale alimbeba mgongoni kwenda shule, akambeba mgongoni kurudi.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Pa! Pa! Pa! Kwa ndege hiyo ni sikukuu. Mwalimu Kanga akapiga kengele, nge nge nge!

"Mwaka huu tutasherehekea humu humu darasani! Kila mtu amletee jirani yake zawadi!"

Kwale akatafuta kitu kitamu kuliko vyote. Akapata. Akakikaanga kwa chumvi. Akakifunga kwa jani la mgomba. Mate yalimtoka, lakini hakuonja.

Siku ikafika. Wakaimba, wakacheza, Mchwa akacheza kuliko wote. Kisha akafungua jani lake. Akatazama. Akarudi nyuma.

"Vipi, rafiki yangu? Kumbikumbi hao, wa moto moto!"

"Huyu ni shangazi," akasema Mchwa kwa sauti ndogo. "Huyu wa pembeni ni binamu yangu. Juzi waliota mabawa, wakatuaga, wakaruka."

Lo! Jamani, hapa huwa naumia kila nikisimulia. Kwale akaficha kichwa chini ya bawa. Mchwa akakusanya vitabu vyake.

"Mwalimu, mimi siji tena."

"Usiondoke, mwanangu!" Mwalimu Kanga akahaha. "Sikukuu yenu nayo tutaifanya humu humu. Haki sawa! Waite ndugu zako wote."

"Wote, mwalimu?"

"Wote!"

Je, aliuliza wanakula nini? Hakuuliza!

Wakaja. Wakajaa sakafu, wakajaa kuta. Wakaanza kula. Kacha, kacha, kacha! Wakala madawati. Kacha, kacha! Wakala ubao. Wakala mlango. Wakala fimbo ya mwalimu, na hapo wanafunzi wakapiga makofi. Wakala nguzo. Paa likashuka, puu! Mwalimu Kanga akachomoza kichwa kwenye nyasi za paa, kilemba chake kimekaa upande.

Mchwa akamwendea Kwale, anaburuta kipande cha mbao.

"Zawadi yako hii. Ni ya dawati letu, pale palipo laini. Sikuonja."

"Lakini Mchwa, mimi mbao sili."

"Na mimi shangazi simli."

Wakatazamana. Kwale akaanza kulia. Akasema, "Nisamehe, ndugu yangu, sikuuliza." Mchwa akampanda mgongoni, mahali pake pa siku zote, na Kwale akacheka huku machozi yakimtoka.

"Basi!" akafoka Mwalimu Kanga. "Sikukuu darasani marufuku!"

"Hapana, mwalimu," akasema Mchwa. "Ngoma niliipenda. Ngoma ibaki. Vyakula viliwe nyumbani. Na anayetoa zawadi aulize kwanza."

Mwalimu Kanga akatazama juu palipokuwa na paa. Akaona mawingu. "Haya," akasema.

Ndugu za Mchwa wakajenga shule mpya ya udongo, na madawati ya udongo. Fimbo hakuna aliyeikumbuka. Na Kwale siku hizi akikuta kumbikumbi humwuliza, "Samahani, wewe ni wa kwa kina Mchwa?" Wote hujibu ndiyo. Kwale anakula mtama.

Basi mnaonisikiliza, wadogo kwa wakubwa: darasa ni la wote, na furaha yako inaweza kuwa msiba wa unayekaa naye. Kabla hujampa mtu zawadi, mjue kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni, na mlango wenyewe umeliwa.