Shungi la Watoto wa Ukutani

Mezeni kwanza hayo matonge, wajukuu zangu, kisha mjue yanakokwenda. Kila seli ya mwili ni mji uliojaa maji, umezungukwa na ukuta wa mafuta. Hapo kale ukuta huo haukuwa na bawabu hata mmoja. Sukari itokayo kwenye matonge ilipita nje, wenyeji ndani wakafa njaa.

Wa kuwaokoa alikuwa Bi Mwanamvua, msukaji wa protini, ambazo aliziita watoto wake. Watoto wa kufanya kazi mjini aliwasuka kwa uzi wa kawaida, na wale wa kuwa mabawabu aliwasuka kwa uzi wa mafuta, ili ukuta uwapokee. Lakini alishika mwiko wa mafundi wenzake: kazi isiyokwisha haionyeshwi mtu. Basi aliwamaliza nyumbani, akawabusu, akawatuma ukutani kwa miguu. Masikini, mafuta na maji wapi na wapi! Walikumbatiana kwa hofu, wakagandamana donge moja, wakafa njiani. Mama aliwalilia, kisha akasuka wengine vilevile.

Jirani yake Kitwana, mchukuzi, alichoka kuyazika madonge yale.

"Dada, leo mtoto wa ukutani mwanzishe kwa shungi la mafuta kichwani. Nikiliona nitalishika, nawe usimamishe mkono. Twende ukammalizie huko huko."

"Nipite njiani na mtoto nusu? Ngojangoja huumiza matumbo, Kitwana."

"Matumbo yameshaumia, dada. Haraka yako imetuletea nini?"

Bi Mwanamvua akachukua uzi. Akaanza na shungi. Lilipochomoza tu Kitwana akalishika, na mkono wa mama ukasimama. Walipita mjini watu wakichungulia na kucheka, naye aibu ikamchoma usoni, lakini hakugeuka nyuma. Ukutani palikuwa na ufa mwembamba. Kitwana akalipenyeza shungi, akaliachia.

"Haya, suka."

Akasuka, na kila pindi la uzi likateleza ndani ya mafuta bila kuonja maji. Mwishowe wakamnyoa mtoto shungi lake, kama mtoto mchanga anyolewavyo nywele alizozaliwa nazo. Bawabu akafumbua macho, akafungua mlango, sukari ikaingia. Mama akalia tena, safari hii kwa furaha.

Na tangu siku hiyo, msukaji akiona shungi limeshikwa, husimamisha mkono, akapelekwa ukutani, akamalizia huko. Na matonge mliyomeza hivi punde yatafunguliwa mlango na bawabu ambaye mama yake alikubali kuchekwa.