Masale ya Bi Nakiete

Tajiri Kallaghe alifyeka msitu wa chemchemi akalima bangi, na dawa alizopulizia zikaua ndama wa Bi Nakiete. Sheria mpya ilitaka mwenye shamba la bangi afungwe na aurudishe msitu. Kila alipoulizwa, Kallaghe alijibu, "Shamba lile si langu."

Asubuhi moja Nakiete alikwea huko na vibarua wawili, wakaanza kupanda masale ya mpaka.

Kallaghe akaja mbio. "We bibi, una wazimu? Ng'oa hayo masale!"

"Si halina mwenyewe, baba? Nimelichukua."

"Langu! Kila mche humu nimepanda kwa mkono wangu!"

"Hata hii ya kando ya chemchemi?"

"Yote!"

Nakiete akamgeukia kibarua mmoja. "Umesikia, afande?"

"Yote, mama," akajibu kibarua, akichomoa pingu.