Ijumaa Tatu za Ustadhi Zurara

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki palikuwa na mjane mcha Mungu, Rayhana binti Aswad, fundi wa kurekebisha kufuli zilizoharibika. Siku moja aligundua kuwa kufuli zilizofuliwa na Ustadhi Zurara, mhunzi mashuhuri, ambazo nusu ya mji ilifungia makasha yake, hufunguka bila ufunguo kwa hila ndogo kabisa. Hila yenyewe siitaji, kwa kuwa Rayhana naye hakuitaja.

Desturi ya soko la wahunzi ilikuwa hivi: aonaye kasoro katika kazi ya mwenzake humwendea faraghani, akampa Ijumaa tatu za kurekebisha kabla ya kuwatangazia watu. Rayhana akaifuata.

"Nisitiri, dada yangu," Zurara alimsihi, "nawe Mungu akusitiri."

Rayhana akakubali. Ijumaa ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Zurara, mtu wa safu ya mbele msikitini, akaendelea kuuza kufuli zilezile, tasbihi mkononi! Rayhana alipita dukani pake akisaga meno kwa hasira, lakini ahadi ilimfunga mdomo.

Siku mbili kabla ya Ijumaa ya tatu, habari zikamfikia kazini. Marjana, msusi wa mikeka aliyeachwa huru na marehemu bwana wake, alikuwa amekamatwa. Mrithi wa bwana yule alidai kuwa ni mtumwa wake, na hati yake ya uhuru haikuonekana kashani. Rayhana akatupa nyundo, akaenda kwa Kadhi mbiombio.

Alimkuta Marjana amefungwa kamba mikononi, akihojiwa.

"Kasha lilikuwa limefungwa?" Kadhi aliuliza.

"Naam, ewe Kadhi."

"Na ufunguo?"

"Shingoni mwangu. Hautoki."

"Kufuli ya nani?"

"Ya Ustadhi Zurara."

"Basi hakuna aliyelifungua. Hati hiyo haikuwamo tangu awali."

Zurara alikuwapo, ameitwa kuitambua kufuli yake. Aliinamisha macho, akanyamaza kimya.

"Zurara! Mche Mungu!" Rayhana alipaza sauti. "Mwambie!"

"Ijumaa haijafika," Zurara alinong'ona. "Uliniahidi."

"Nilikupa siku za kutengeneza, sikukupa za kuuza! Mwanamke huyu anarudishwa utumwani, nawe unanihesabia siku?"

Kisha Rayhana akamwomba Kadhi awatoe watu wote nje, wabaki Kadhi, karani wake na yeye tu, mbele ya kasha la mahakama lililofungwa kwa kufuli kama ile. Haukupita muda, Kadhi akatoka, rangi imembadilika, akatangaza kuwa kufuli za Zurara hufunguka bila ufunguo. Akamtaka mrithi aape kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakuigusa hati. Mrithi akababaika, ulimi ukamwia mzito, na Marjana akafunguliwa kamba papo hapo.

Nje watu walimzonga Rayhana. "Umewafumbua macho wezi!"

"Wezi walijua kabla yangu," akawajibu kwa ukali. "Msiojua mlikuwa ninyi. Nendeni mkabadilishe kufuli zenu leo hii!"

Marjana akamsogelea, akijisugua vifundo vya mikono. "Ulijua tangu lini, dada?"

"Ijumaa mbili zimepita."

"Ungeniambia tu nisiiweke humo," Marjana alisema. "Hilo tu."

Rayhana alilia pale pale, mbele ya watu, kwa hasira juu ya nafsi yake. Tangu siku ile, kila alipomweleza fundi kasoro yake, alikaa mlangoni pa duka mpaka kufuli ya mwisho iondolewe kwenye rafu. Ndipo alipoanza kuhesabu Ijumaa.

Ndugu zangu, tumeamrishwa kusitiriana aibu, na amri hiyo ni njema. Lakini kasoro uliyoiuza ikaingia nyumbani kwa mwenzako si aibu yako ya kusitiriwa tena. Ana haki ya kuijua. Mola atukinge na ukimya ule wa Zurara mbele ya Kadhi, na atusamehe zile Ijumaa mbili tulizonyamaza nasi tukijiona wema.