Maji Yaliyomtangulia Bibi

Mama zangu, dada zangu, leo nina habari ya bafu. Msicheke. Hakuna aliyefika hapa asubuhi hii bila kupitia bafuni, basi na tuanzie huko huko.

Katika mtaa mmoja uliojengwa kwenye mteremko, nyumba moja juu na nyingine chini yake, aliishi mama mmoja. Jina lake sitalitaja, maana nikilitaja kuna atakayegeuka kumtazama mwenzake. Mama huyu alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa mbali, na habari ikamfika kwamba binti ana mimba ya miezi saba. Mnaijua desturi yetu. Mimba ya kwanza mtoto wa kike hurudi kwa mama yake. Hujifungua huko, hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na huangaliwa mpaka siku arobaini ziishe na mgongo urudi mahali pake.

Siku ile ile mama aliliendea bafu lake lililokuwa uani, akasimama akaliangalia kama mgeni. Sakafu ilikuwa imepasuka. Kutani kulikuwa na ukungu mweusi. Mlango ulikuwa kanga kuukuu iliyoning'inia kwenye misumari miwili, na upepo ukivuma ilibidi uishike kwa mkono mmoja na kujisugua kwa mkono wa pili.

"Mwanangu hawezi kukandwa humu," alijisemea. "Atateleza."

Hiyo ilikuwa nia njema. Nani kati yetu angemlaumu?

Akamwita fundi, akampangia kila kitu kwa kidole. Hapa kibaraza cha kukalia mzazi. Pale juu kidirisha cha kutolea mvuke, kiwe juu kweli, asichungulie mtu. Chini vigae vyenye mikwaruzo, visiteleze, na sakafu iinamie upande mmoja ili maji yasituame. Halafu nje, mbele ya mlango, ukuta wa kusitiri.

Fundi alisikiliza, akaitikia, kisha akauliza, "Mama, na maji yataenda wapi?"

"Si yatatoka?"

"Yatatoka, yaende wapi?"

"Fundi, hapa ni mteremko. Maji nani aliyapa ramani?"

Fundi akachungulia nyuma ya bafu. Chini yake, hatua kumi na mbili hivi, palikuwa na mlango wa uani wa bibi mmoja. Akakuna kichwa. "Ukuta wa mbele ukifika kifuani unatosha. Matofali yatakayobaki tujengee shimo la maji machafu, pale pembeni."

"Kifuani? Mwanangu ni mrefu. Pandisha ukuta. Shimo tutachimba baadaye."

"Mama, mimi ni fundi. Baadaye naijua. Haina tarehe."

Lakini mwenye nyumba ndiye mwenye neno. Ukuta ukapanda, ukapita kichwa, nao ukavishwa vigae vyenye maua.

Sasa yule bibi wa chini hakuwa mtu wa kupita tu. Ndiye aliyekuwa mkandaji wa mtaa mzima. Vijana wangapi wa pale walioga maji yao ya kwanza mikononi mwake, hata yeye hakujua tena. Mama huyu mwenyewe alikandwa na bibi huyo alipomzaa binti yake. Moyoni alikuwa ameshapanga: bafu ni hili, na mikono ni ile.

Bafu likaisha, likapendeza. Watu wakaja kuliona. Mama alilitunza kama mboni ya jicho. Kila jioni alifuta kuta kwa kitambaa kikavu, akasugua pembe kwa mswaki wa zamani, akaacha mlango wazi ili upepo uingie ukungu usirudi. Viatu vya nje havikuvuka kizingiti. Mumewe alianza kuuliza kwanza, taulo begani, "Leo naruhusiwa, au kuna wageni?"

Na maji? Maji yalipita kwenye bomba, yakatokea nyuma ya ukuta, yakashika njia yake.

Huko chini, bibi aliweka tofali moja mbele ya mlango wake wa uani ili apite bila kukanyaga tope. Baada ya wiki akaweka la pili. Baada ya wiki nyingine akahamisha jiko lake, akawa anapikia upande wa mbele, juani. Siku moja akapanda taratibu, mkono kiunoni.

"Mwanangu, maji yako yamefika kwangu."

"Ni ya sabuni tu, bibi," mama alisema. "Yanakusafishia njia."

Akacheka. Bibi naye akacheka kidogo, akageuka, akashuka. Tangu siku hiyo hakupanda tena. Mnakijua kicheko cha namna ile? Kuna anayecheka kwa sababu amefurahi, na kuna anayecheka kwa sababu amechoka kusema.

Binti akaja, akajifungua salama, mtoto wa kike. Siku waliyotoka hospitali, mama alibandika sufuria kubwa, akatia majani ya mwarobaini, kisha akashuka kumwita bibi. Alizunguka kwa mlango wa mbele, maana njia ya uani ilikuwa na tope. Sikilizeni hapo. Tope lilikuwa la kwake, na yeye hakutaka kulikanyaga.

Bibi alikuja. Akavua kandambili nje, akaingia, akapapasa sakafu kwa unyayo, akainua macho kwenye kidirisha.

"Umejenga, mwanangu. Mvuke utatoka vizuri. Na hiki kibaraza kimekaa pale pale nyonga inapotaka."

Mama akahisi kifua kinafunguka. Binti akaketi kwenye kibaraza, anakunja uso kwa maumivu. Bibi akachota maji kwa kopo, akaliinua. Kisha mkono ukasimama hewani. Akayarudisha maji ndooni, polepole, yasimwagike hata tone.

"Hapana. Humu siwezi."

"Huwezi nini, bibi? Yamezidi moto?"

"Moto wake ni sawa. Lakini ni ndoo tatu asubuhi na ndoo tatu jioni, siku arobaini. Maji yote nitakayommwagia mwanao humu yatanitangulia nyumbani. Nikimaliza kumkanda, nashuka nayakanyaga."

Mama alisikia uso wake umepata moto kuliko lile sufuria. "Ndiyo adhabu yangu hiyo? Niadhibu mimi. Mtoto huyu ana kosa gani?"

"Nani amesema simkandi?" bibi alimjibu. "Ndoo aichukue mumeo, ashuke nayo. Mzazi namleta mimi. Twendeni kwangu."

Bafu la bibi lilikuwa mabati matatu na gunia mlangoni. Sakafu yake ilikuwa mawe bapa yaliyopangwa na mtu mwenye subira. Mama aliketi nje juu ya kinu kilicholazwa, mjukuu mapajani, akasikia maji yanamwagwa, na binti yake analia.

"Tulia," ilikuwa sauti ya bibi. "Mama yako alipiga kelele kuliko wewe. Mtaa ulidhani nachinja mbuzi."

Binti akacheka katikati ya kilio. Na hapo mama akaona maji yanatoka chini ya gunia. Yaliingia kwenye mfereji mwembamba uliopangwa mawe pande zote, yakakata kona, yakafika kwenye migomba mitatu. Hapo yakapotea. Mama aliyangoja yatokee upande wa pili. Hayakutokea. Mgomba mmoja ulikuwa na mkungu mzito hata umeegemezwa kwa mti. Kisha akainua macho juu, akauona ukuta wake mwenyewe kutoka nyuma kwa mara ya kwanza. Havikuwepo vigae huko. Palikuwa na mstari mweusi unaoshuka kutoka kwenye bomba mpaka mlangoni kwa bibi, na mbele ya mlango matofali mawili.

Bibi alipotoka anajifuta mikono, mama alimuuliza, "Mfereji huu nani alikuchimbia?"

"Nilichimba mwenyewe. Na kila Jumamosi nauzibua."

"Kwa ajili ya nani, bibi? Chini yako hakuna nyumba."

"Kuna watu wanapita pale chini kwenda kuteka maji," bibi akasema. "Majina yao siyajui."

Mama alimkumbatia mjukuu wake, akaangalia yale matofali mawili.

Kesho yake asubuhi fundi akaitwa. "Bomoa ukuta wa mbele mpaka kifuani," mama alimwambia. "Matofali yakajenge shimo."

"Na vigae vyake vya maua?"

"Na vigae vyake."

"Mama, si ulisema mwanao ni mrefu?"

"Ni mrefu, lakini si twiga. Bomoa. Na usiniambie habari ya baadaye. Tarehe yake ni leo."

Mume alichimba mpaka mabega yakazama shimoni. Mama alibeba mawe kwa kichwa. Siku ya tatu bibi akapanda na jembe lake kuukuu, na chipukizi la mgomba kwapani.

"Nisamehe, bibi," mama alisema, jiwe lingali kichwani.

"Tua kwanza, usije ukaniangushia," bibi akamjibu. "Nilishakusamehe, nilikuwa nangoja nyayo zikauke. Huu utaupanda hapa pembeni. Maji yakipewa kazi hayagombani na mtu."

Siku ya nane binti alikandwa katika bafu jipya. Bibi alimwaga kopo la kwanza, kisha akalitua kopo, akatoka nje, akasimama akitazama chini kwake. Mama alingoja amebana pumzi. Bibi akarudi, akachota kopo la pili, akamwaga, na la tatu, wala hakutoka tena.

Hiyo ndiyo habari ya bafu.

Mama zangu, sisi tunakuja hapa kuoshwa. Tunapiga magoti na uchafu wa wiki nzima, tunasimama wepesi. Ni jambo jema. Lakini tukifika nyumbani na ule wepesi wetu, ni nani anayepokea yaliyotutoka? Si dada wa kazi anayefokewa kwa chumvi kuzidi? Si mtoto anayetukanwa kwa neno lililotuuma kazini? Si mkwe asiyeweza kurudisha jibu? Bafu letu linang'aa, na wenzetu wanapanga matofali wapite.

Na nyuso zenu nimeziona tangu mwanzo. Wengi mmekuwa mkimfikiria jirani yenu wa juu, yule anayewamwagia. Hata mimi nilipoanza kuutunga mfano huu nilimfikiria wangu. Leo naomba tumwache huyo. Tumfikirie wa chini.

Na yule mama hakuambiwa aache kuoga. Hakuambiwa avunje bafu. Alitakiwa kumaliza ujenzi aliouanza, na shimo lenyewe lilichukua siku tano tu. Kwa hiyo hakuna hapa aliyechelewa.

Leo jioni kila mmoja wetu ataoga. Ukimaliza, jifunge kanga yako, toka nje, uyafuate maji yako. Yafuate mpaka yanapoishia. Ukikuta huko tofali ambalo mtu ameweka ili apite, usiruke juu yake ukarudi. Simama hapo hapo, upige hodi.