Pikapu Isiyompa Sultani Mgongo

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kwa kuwa magari yalikwisha kuwapo na masultani walikuwa hawajakwisha, katika mji wa Ukutani alikuwapo mwanamke mmoja maskini, jina lake Kidawa. Hakuwa na kitu duniani ila kibanda nyuma ya soko na ulimi usiojua kusifia kibovu. Wakubwa walimwita punguani. Wadogo walimwita kila walipotaka kununua chochote, awatazamie kama ni kizima.

Na Sultani wa mji huo, Badruni, alikuwa na pikapu ndogo ya milango miwili, ambayo mpwa wake alijifunzia kuendesha mpaka gia zote za mbele zikafa, ikabaki na rivasi peke yake. Basi Sultani akaipaka rangi mpya, akapiga mbiu kuwa inauzwa. Wakaja wakulima wa muhogo, waliokuwa wamechoka kubeba magunia kichwani, mkubwa wao akiwa Bi Mize.

Bi Mize akaizunguka ile rangi, akanena, "Samahani, maulana. Hatununui mpaka Kidawa aikague."

Sultani akamwita Kidawa faragha.

"Ewe Kidawa, utaikagua gari yangu, kisha utanena mbele ya watu. Ukisema uongo, nitabomoa kibanda chako, kwa kuwa mimi ni Sultani wa haki. Ukitaja kasoro, nitakibomoa vile vile, kwa kuwa gari ni yangu."

"Na nikinyamaza, maulana?"

"Kibanda."

"Nimefahamu. Umepanga vizuri."

Akaondoka kinyumenyume, kama ilivyokuwa desturi, kwani aliyetoka mbele ya Sultani hakuruhusiwa kumpa mgongo. Waziri mwenyewe alikuwa na nundu kisogoni kwa kugonga nguzo moja ya baraza kila siku ya Mungu, na nguzo haikuhamishwa.

Kidawa akaingia ndani ya pikapu, akikiwaza kibanda chake, maana makuti yake aliyaezeka kwa mikono yake na kwingine pa kulala hakuwa napo. Akawasha. Akatia gia ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Akatia rivasi, gari ikaitika. Akaitazama ile nguzo, akashuka.

Ikawa watu wamejaa uani.

"Haya mwanangu, tuambie," akasema Bi Mize.

"Injini ni nzima, Bi Mize. Bodi ni pana, magunia yataenea. Kipimo cha mafuta kinaonyesha tangi limejaa, asubuhi na jioni, utie mafuta usitie. Sijapata kuona gari yenye matumaini kama hii."

Sultani akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaacha kutikisa.

"Na huo mlango wa abiria?" akauliza Bi Mize.

"Mwaminifu mno. Akishaingia mtu, hatoroki na nauli yako mpaka umfungulie wewe kwa nje."

"Na mwendo je?"

"Hapo ndipo penye sifa yake kubwa."

Akapanda, akawasha, na pikapu ikarudi nyuma ua mzima, taa zake zikimtazama Sultani usoni, mpaka langoni. Kidawa akaiacha huko, akarejea kwa miguu.

"Mmeiona? Haijui kumpa Sultani mgongo. Nimeibembeleza kwa kila gia, imekataa. Na hata njiani, asipokuwapo Sultani wala kivuli chake, adabu yake ni hiyo hiyo mpaka shambani kwenu."

Bi Mize akashika kiuno. "Eti mpaka shambani! Loo, mwanangu, gari ya kikasri hii, kwetu itakuja kufanya nini? Sisi watu wa jembe hatuistahili."

Sultani akasimama kwa ghadhabu. "Umetaja kasoro! Waziri, peleka watu wakabomoe!"

"Kasoro ipi, maulana?" akauliza Kidawa. "Nimesema haikupi mgongo. Ikiwa hiyo ni kasoro, tamka mbele ya watu hawa, nasi sote tutoke leo tumetanguliza nyuso."

Waziri akajipapasa nundu, akamtazama bwana wake kwa hamu kubwa.

Mwishowe Sultani akanena, kwa sauti ndogo, "Si kasoro."

"Ahsante, maulana. Kibanda kinashukuru."

"Nitokee hapa! Na hiyo gari ichukue, nisiione tena!"

Basi Kidawa akaenda langoni, kinyumenyume, akapanda pikapu yake, akatoka nayo kinyumenyume, akapita soko zima shingo ameigeuza, watu wakimpisha. Na tangu siku hiyo akawa akiwabebea kina Bi Mize muhogo wao namna hiyo hiyo, wala askari hakuthubutu kumsimamisha, kwani angemshtaki kwa adabu?

Na ile nguzo ya baraza, kwa habari zilizotufikia, ingali pale pale. Waziri pia.