Petroli Haikuwa na Kosa

Wapendwa, kabla sijafunga Biblia hii, nisikilizeni habari ya ndugu wawili wa tumbo moja.

Huko kwenye milima ya Upare palikuwa na fundi cherehani, jina lake Elinami. Alikuwa na gari dogo la zamani aliloachiwa na marehemu baba yao, lile la mgongo kama kobe, injini iko nyuma. Wenye kuyajua mnayajua: gari la namna ile halina rejeta, halitiwi maji. Injini inapozwa na upepo tu, unaovutwa na feni. Masika Elinami alikuwa halitembezi. Alilifunika turubai uani.

Mdogo wake, Yonazi, aliuza petroli ya madumu njia panda, na ndiye aliyemjazia kaka yake tangi.

Mwaka mmoja, masika yalipokwisha, Elinami aliwasha gari likaitika vizuri. Lakini lilipofika mlimani, likagoma. Kwenye tambarare linakwenda, mlimani linakohoa, injini moto kama jiko, linazima. Akisubiri saa nzima, linawaka kama halikuwa na shida. Akabadilisha pampu ya petroli. Akasafisha kabureta. Akatia chujio jipya. Wapi.

Sasa sisi binadamu, tukikosa sababu, huwa tunatafuta nini? Tunatafuta mtu.

Elinami akasema petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Wala hakumwita mdogo wake pembeni. Aliyasema pale pale njia panda, siku ya gulio, watu wamejaa.

Yonazi akamsihi. "Kaka, chukua dumu lolote, unuse. Na hilo gari, hebu fungua kwenye feni kwanza."

Elinami akamjibu asimfundishe gari la baba yake, kana kwamba baba alikuwa wa mmoja.

Neno la kaka mtu ni zito. Pikipiki zikaanza kupita bila kusimama. Mwaka haukuisha, Yonazi akafunga biashara, akahamia juu kabisa, kwa wakwe zake, kulima tangawizi. Miaka mitatu hawakusalimiana. Na gari je? Elinami alikuwa sasa ananunua petroli mjini, na mlimani gari likaendelea kuzima vile vile. Kwa hiyo alijua. Moyoni alijua tangu mwaka wa kwanza. Ila angeanzia wapi kusema?

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa Nakijwa, mke wa Yonazi. Alisema mumewe amezidiwa na homa ya mapafu, anamtaja kaka yake tu, aje upesi. Elinami akaacha nguo ya mteja kwenye cherehani, akaondoka. Mvua ya siku ile ilikuwa imeharibu njia na pikipiki hazikupanda, akategemea gari.

Kona ya tatu, likazima.

Akalowesha kitambaa, akaizungushia pampu ipoe. Likawaka, likaenda hatua chache, likazima tena. Hivyo hivyo saa mbili zikapita. Mwishowe akatokea fundi wa mashine ya kukoboa mahindi, aliyekaa jirani na ile kona. Fundi akamwambia awashe, akakinga kiganja mahali ambapo upepo ungepaswa kutoka, akatikisa kichwa.

"Baba, petroli yako haina kosa," akasema. "Inachemka ndani ya bomba kwa joto, inageuka mvuke, pampu haina cha kusukuma. Injini hii haipumui."

Akafungua bati la feni, akaingiza mkono, akavuta kipande cha gunia, kingo zimeungua. Elinami akakitambua. Pindo lake lilikuwa limeshonwa kwa mkono wake mwenyewe. Masika yale ya kwanza, kabla gari halijaanza kugoma, alikisokomeza kwenye mdomo wa feni ili panya wasiingie kuzaliana. Akasahau kukitoa, feni ikakivuta ndani.

Gari likapanda mlima mzima bila kukohoa. Alipozima injini kwa Yonazi, akasikia wanawake wanalia.

Akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, maneno ya miaka mitatu yakamtoka kwa pamoja: kwamba petroli ilikuwa safi, kwamba mkosaji ni yeye, kwamba atawatangazia watu wote gulioni. Nakijwa akamwacha amalize. Kisha akamwuliza taratibu, "Shemeji, sasa unamwambia nani?"

 

Wapendwa, sikuwauliza kama mna magari. Nauliza hivi: ni nani ambaye sisi tuliliharibu jina lake mbele za watu, halafu tukagundua, kimya kimya, kwamba hana kosa, tukaona aibu tu kurudi? Tunangoja nini? Ushahidi? Elinami hakukosa ushahidi. Alikuwa nao kila alipotoka mjini na tangi limejaa. Alichokosa ni kuupanda ule mlima kwa miguu yake, siku yoyote katika miaka mitatu, mdogo wake akiwa shambani na jembe lake, mzima.

Ibada ikiisha tutapeana mikono hapo mlangoni, kila mtu aende kwake kula. Wengine wetu leo inatupasa tusile kwanza. Kuna nyumba tunaijua. Twende sasa, mwenyewe angali anaweza kutujibu, hata kama atatujibu vibaya.